Muhuri Namba Kumi na Saba

Sehemu ya Tisa

Mliouliza wiki nzima kama Shoto amerukwa na akili, jibu ni hapana. Mkono wake bado uko juu, pale pale tulipouacha, na mdomo wake umeshatoa maneno yasiyorudi: "Mshono uliopasuka ni wangu. Nilichomelea mimi."

Kwa aliyechelewa, mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ile, katika karakana ya matangi ya mvuke, tangi jipya lilikuwa likijaribiwa. Mshono wa chuma ukaachia, maji ya moto yakambabua mpimaji kifua na mikono, akakimbizwa hospitali. Mkaguzi wa serikali alifika sakafu ikiwa bado imelowa. Akakuta kando ya mshono kumegongwa muhuri namba kumi na saba, na kumi na saba ni Baba Pacha, fundi mwenyeji aliyekula moshi wa karakana hiyo kwa miaka thelathini.

Mkaguzi alikuwa ameshaagiza polisi waitwe wamchukue mzee. Ndipo Shoto alipoinua mkono wake wa kushoto, ule uliompa jina.

"Shusha mkono," alisema msimamizi.

Walimwita Bwana Saa, kwa sababu alihesabu dakika za kila mtu isipokuwa zake.

"Mheshimiwa, huyu ni mfagiaji," alimwambia mkaguzi. "Ni mgeni hapa nchini. Kibali chake kinasema usafi. Hajui hata kijiti cha kuchomelea kinashikwa upande gani."

Hakuna aliyecheka. Mafundi wenyeji upande mmoja, wageni upande mwingine, wote waliangalia viatu vyao. Kila mtu pale alijua nani anachomelea nini, na kila mtu alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Sheria inasema kila mshono ugongwe muhuri wa fundi aliyeuchomelea, ili ukiharibika ajulikane. Lakini karakana ile haikumpa mgeni muhuri. Mwenye muhuri ni fundi daraja la kwanza, na hulipwa kama fundi daraja la kwanza. Asiye na muhuri huandikwa msaidizi au mfagiaji, hata kama ndiye anayefanya kazi yote, na hupokea theluthi.

Basi kwa miaka minne Shoto alichomelea na Baba Pacha akagonga namba yake. Mwisho wa mwezi kila mmoja alikwenda kwenye dirisha lake la mshahara. Dirisha la wenyeji lilikuwa na kivuli na benchi. La wageni lilikuwa na jua la kutosha.

"Kumi na saba," mkaguzi alimwita Baba Pacha. Mkaguzi huyu alikuwa mama mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na hakuwa na desturi ya kupaza sauti. "Unasemaje juu ya huyu?"

"Anasema uongo," alijibu Baba Pacha. "Mshono ni wangu."

Shoto aligeuka kumtazama. Mzee alikuwa ameinamisha uso.

"Baba Pacha, usinibebee."

"Nyamaza, mwanangu. Ni wangu."

Mkaguzi alivaa miwani, akawatazama wote wawili kwa zamu.

"Nakagua matangi mwaka wa ishirini na mbili huu. Mshono ukipasuka, watu huruka ukuta. Leo nina wawili wanaugombea." Akaagiza tangi lizungushiwe kamba, mtu asilisogelee. "Nataka mafaili ya wote wawili. Dakika kumi."

Kumi zilimtosha Bwana Saa. Alimshika Shoto kiwiko, akamwingiza ofisini na kusukuma mlango kwa kisigino.

*

Ofisi ilikuwa na feni iliyozunguka upande mmoja tu na meza yenye droo ya kufuli. Ndani ya droo zilikaa pasi za kusafiria za wageni wote, zimefungwa mafungu mafungu kwa mipira. Bwana Saa alitoa karatasi moja.

"Unaijua hii?"

Shoto aliijua. Ndicho kibali chake cha kazi, na hakikuwa chake peke yake. Wakala aliyewaleta aliwaandikisha wawili kwenye karatasi moja: yeye na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Kibali kilisema watafanya usafi, kwa mwajiri huyu, ndani ya geti hili. Hawakuruhusiwa kufanya kazi mahali pengine popote, hata palipo na malipo bora mtaa wa pili.

"Unajua mko wangapi humu?" aliuliza Bwana Saa.

"Sitini na wawili."

"Sitini na wawili. Nikikubali mbele ya yule mama kwamba wewe ni fundi, kesho wote sitini na wawili watapanga foleni hapa kunidai tofauti ya miaka yao yote. Karakana itafungwa. Utakuwa umemsaidia nani?"

Bwana Saa akatoa karatasi ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza na kuinyoosha kwa kiganja.

"Hiki ni kibali huru. Chako na cha wifi yako, kila mmoja na chake. Ukiwa nacho unafanya kazi unakotaka, nchi nzima. Na hapa kwangu utahamia dirisha la kwanza."

Shoto aliisoma karatasi ile mara mbili. Miaka minne alikuwa ameiota karatasi hiyo, na sasa ilikuwa mbele yake imepigwa mihuri yote, imebaki saini.

"Unataka nini?"

"Sentensi mbili. Mimi ni mfagiaji. Nilimwona Baba Pacha akichomelea lile tangi mwenyewe. Basi, unasaini, unakwenda zako."

Mlango ulisukumwa. Aliingia Wifi na ufagio mkononi, na ilikuwa dhahiri kwamba kizingiti cha ofisi kilikuwa kimefagiliwa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Saini, wifi," alisema.

"Hujui anachotaka."

"Nimesikia chote, mlango huu ni wa mbao laini. Saini. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi hapa ningeubusu mpaka kwapani."

"Watamfunga mzee wa watu."

"Mzee wa watu ni mwenyeji. Mwenyeji akianguka, anaangukia kwao. Ana kaka, ana shemeji, ana mjomba polisi. Sisi tukianguka, tunaangukia wapi?"

Shoto alijua ni kweli. Aliangalia kalamu. Bwana Saa aliisogeza karibu kidogo.

"Siku ya kwanza tumefika," Shoto alisema taratibu, "watu wote humu walinipa ufagio. Yeye peke yake alinipa moto. Aliniuliza, binti, unajua? Nikamwambia najua. Akaniachia kiti chake."

"Na mshahara akala yeye," alisema Wifi.

"Akala yeye. Lakini wifi, nikisaini hapa nitakuwa sijawahi kuchomelea kitu. Miaka minne nitakuwa nilikuwa nafagia kweli. Matangi yote yale yatakuwa ya mtu mwingine, mpaka nife."

"Utakuwa na kibali."

"Cha nani? Cha mfagiaji?"

Aliirudisha kalamu upande wa Bwana Saa, akatoka. Nyuma yake Wifi alimtazama Bwana Saa, akashusha pumzi.

"Kaka yangu nilimwambia asioe ukoo ule," alisema. "Wabishi tangu bibi yao."

*

Huko nje mkaguzi hakutaka tena maneno. Alikuwa ameweka mezani jozi mbili za vipande vya chuma vilivyo sawa.

"Kila mmoja aunganishe vyake mbele yangu. Chuma hakina uraia. Mzee aanze."

Mafundi wenyeji walitabasamu kidogo. Baba Pacha aliwafundisha nusu ya mafundi wa mji ule. Akichomelea yeye, biashara imekwisha.

Baba Pacha alishusha ngao ya uso, akawasha kijiti. Moto ulianguka kidole kizima nje ya mstari.

Aliacha, akajaribu tena. Safari hii alitanguliza mkono mwingine uliovaa glavu, akapapasa ukingo wa chuma kama mtu anayetafuta swichi gizani. Moto ukashika mahali, ukapotea, ukashika kwingine.

Shoto aliwahi kuona watu wazima wakipapasa hivyo, lakini hawakuwa mafundi.

Mkaguzi alizima mashine. Akamwinulia mzee ngao ya uso na kuweka mkono mbele yake.

"Vidole vingapi?"

Baba Pacha alisogeza uso mbele. "Vitatu."

Mkaguzi alikuwa amekunja ngumi.

Mafundi wenyeji walitazamana. Bwana Saa alikuwa wa kwanza kuangalia pembeni, na hapo Shoto akajua kwamba msimamizi alijua siku zote.

"Tangu lini?" mkaguzi aliuliza.

"Mwaka wa pili huu. Moto umeyala macho kidogo kidogo. Mchana naona watu kama nguo zilizoanikwa. Mshono siuoni kabisa."

Mwaka wa pili. Shoto alipiga hesabu haraka, hasira ikampanda. Alikumbuka kila mwisho wa mwezi mzee alivyomletea mlangoni kilo ya sukari na mche wa sabuni, na yeye akimpokea kwa mikono miwili akimshukuru kwa kumwazima namba yake. Alidhani anabebwa, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amebeba.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba naula mshahara wa macho yako?"

Shoto aliokota glavu. Alikuwa na hasira naye na alikuwa anamhurumia, vyote kwa pamoja, na hakujua kipi akitangulize.

"Zamu yako," mkaguzi alimwambia.

Shoto alivaa glavu. Alikaa, akashusha ngao, akaushika moto kwa mkono wa kushoto kama alivyoushika tangu utotoni. Dunia ikabaki duara dogo la mwanga na chuma kinachoyeyuka. Alipoinua uso, mshono ulikuwa umenyooka mwanzo mpaka mwisho, una mawimbi madogo yaliyopangana sawasawa, yote yamelalia kushoto.

Mkaguzi aliinama mpaka pua ikakaribia chuma.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu mzazi. Alikuwa fundi wa mageti. Alinichapa niache mkono wa kushoto mpaka akachoka yeye."

"Wenye mkono wa kulia mawimbi yao hulala upande wa pili," mkaguzi alisema, kama anayejisomea. Akafungua daftari lake. "Naandika hivi: huyu ni fundi daraja la kwanza. Na anastahili kila anachostahili fundi wa daraja hilo."

Upande wa wageni mtu mmoja aligonga nyundo juu ya chuma, mara moja tu. Mwingine akagonga. Shoto alisimama katikati ya karakana, machozi yanamjia bila aibu. Miaka minne alikuwa amelisubiri neno hilo, na lilitoka kwenye mdomo wa mtu asiyemjua hata saa moja.

Bwana Saa hakugonga kitu. Alisubiri kelele ziishe, kisha akapiga makofi polepole.

"Hongera, fundi," alisema. "Mheshimiwa, mimi nimekosea na nimekubali. Nitalipa faini yangu. Sasa tumalize. Amesema mshono ni wake, umemthibitisha kuwa fundi, na mpimaji yuko wodini hana ngozi ya kifua. Polisi wanakuja. Wamchukue mwenye mshono."

Hapo ndipo machozi ya Shoto yalipokauka. Alikuwa amepigania cheo asubuhi nzima, na kumbe cheo chenyewe ndicho kitanzi.

Wifi, aliyesimama mlangoni, alishika kichwa.

*

"Njoo," mkaguzi alimwambia Shoto. Sauti yake haikuwa na furaha. "Sheria inataka uuone mshono na uweke saini kwamba ni wako."

Akainua kamba. Shoto akapita chini yake na kulisogelea tangi. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Lilipopasuka yeye alikuwa uani, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kulikaribia. Hakuwa ameona mshono wenyewe. Aliona namba tu kwa mbali, kumi na saba, na kwake kumi na saba ni yeye.

Aliinama. Akatazama. Akavua glavu, akapitisha kidole.

Mshono ulipinda, ukatoka kwenye mstari, ukarudi. Na mawimbi yake yalilalia kulia.

"Huu si wangu," alisema.

"Umesema mbele ya watu wote ni wako."

"Sikuwa nimeuona."

"Ulikiri kitu usichokiona?"

"Kila kumi na saba humu ndani ni mimi. Kwa miaka minne. Isipokuwa..." Alikumbuka. Wiki tatu zilizopita aliugua homa, akalala siku mbili ndani. Aliporudi alikuta kazi imesonga, na alikuwa mchovu mno wa kuuliza imesongaje.

Aligeuka kwa Baba Pacha.

"Nilisema ni wangu," alisema mzee. "Nimesema mara mbili. Hamkunisikiliza."

Ona maajabu haya. Ile sentensi ya pili ya Bwana Saa, ambayo Shoto aliikataa kwa kuwa ni uongo wa kununuliwa, ilikuwa kweli: ni mzee aliyechomelea, ingawa Shoto hakumwona. Bwana Saa mwenyewe hakujua kwamba tangi hili ni la siku zile za homa. Alikuwa ameokota ukweli gizani akauuza kama uongo.

"Nilimwomba msimamizi tusubiri upone," Baba Pacha aliendelea. "Akasema mteja hasubiri homa ya mgeni. Nikachomelea kwa kupapasa."

Mkaguzi alikuwa akiandika. Kalamu yake ilisimama.

"Siku mbili," alisema. "Kwa siku mbili hamchomelei tangi moja hapa."

Baba Pacha alilamba midomo.

"Mawili," alisema.

"La pili liko wapi?"

"Hospitali ya wazazi. Yalikwenda matatu kwa pamoja, juzi. Moja ni la siku zile. Mawili ni ya huyu."

"Lilijaribiwa?"

Mkaguzi akamgeukia Bwana Saa, ambaye alikuwa amepoteza rangi ya uso.

"Walikuwa na haraka," alisema. "Tulipanga kulijaribu huko huko."

"Yanawashwa lini?"

"Leo. Saa sita."

Ilikuwa saa tano na robo.

*

Mkaguzi alipiga simu akaiweka sauti wazi. Fundi mitambo wa hospitali alipokea akiwa anahema.

"Usiwashe hayo matangi mapya," mkaguzi alimwambia. "Moja ni bovu."

"Lipi?"

"Mihuri inasemaje?"

"Kumi na saba. Yote matatu kumi na saba." Kulisikika vyuma vikigongana nyuma yake. "Mama, ya zamani tumeshayang'oa. Vifaa vya upasuaji vilivyochemshwa vimebaki vya saa moja, na nina wajawazito wanne wanasubiri kisu. Niambieni lipi, nitalifunga hilo niwashe mawili. Nisipoambiwa, saa sita nawasha yote. Sina njia nyingine."

Simu ikakatika.

"Mzee, twende ukalitambue," alisema mkaguzi.

"Kwa macho gani, mheshimiwa?"

"Kwa vidole. Si ulichomelea kwa kupapasa?"

Baba Pacha alimnyooshea mikono. Ncha za vidole zilikuwa ngumu na nyeusi, hazina hata mistari. "Hivi vilikufa kabla ya macho. Vingekuwa hai, yule mpimaji asingeungua."

Ukutani palikuwa na tangi jingine lililokamilika, limepakwa rangi nzito mara tatu kama yale ya hospitali. Mkaguzi alipitisha kidole juu ya mshono wake. Akarudia.

"Mimi nahisi rangi tu."

Shoto alikuja nyuma yake, akafumba macho na kugusa palepale.

"Langu," alisema. "Yanalalia kushoto. Twende."

Walikimbia hadi getini, ambako gari jeupe la serikali lilikuwa nje. Bwana Saa alikuwa amewatangulia. Alisimama mbele ya geti na kibali mkononi.

"Huyu hatoki," alisema.

"Nina dakika thelathini na tano," mkaguzi alimwambia. "Toka njiani."

"Kibali chake ni cha ndani ya geti. Akivuka saa za kazi bila ruhusa yangu, ni mtoro. Na huyu aliyeandikwa naye karatasi moja, mtoro vilevile. Jioni hii wote wawili wanapandishwa gari kurudi kwao."

"Namchukua kwa kazi ya serikali."

"Wewe ni mkaguzi wa matangi, mheshimiwa. Watu si idara yako."

Shoto alimwona mkaguzi akitafuta kifungu cha sheria kichwani, na akaona amekikosa.

"Unataka nini?" Shoto alimwuliza Bwana Saa. "Kuna akina mama kule."

"Nataka ujulikane mpaka wako. Likipasuka, muhuri ni wa Baba Pacha. Likiokolewa, litaokolewa na mgeni, na dunia nzima itajua nilikuwa naficha nini humu. Mimi si mtoto mdogo."

Kando ya geti, mkono juu ya komeo, alisimama Wifi. Kufagia getini ilikuwa kazi yake ya kila siku kabla ya adhuhuri, na alikuwa amefika kwa wakati.

Shoto alimtazama. Huyu ndiye aliyeuza cherehani yake kulipa wakala. Ndiye aliyemwambia asaini. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ile ile, mstari wa pili, na mtoto wake kule nyumbani alikuwa anasomeshwa na ufagio huu.

"Wifi," alianza.

"Usiniangalie," alisema Wifi. "Ukiniangalia nitalia, na nikilia sitafungua."

Aliegemeza ufagio ukutani. Akalishika komeo kwa mikono miwili, akalivuta. Lilikuwa zito na lenye kutu, likatoa sauti iliyosikika karakana nzima. Kisha akaliegemea geti kwa bega mpaka likaachana upana wa mtu mmoja.

"Mwanangu mimi nilimzaa na mkunga peke yake, taa imezimika," alisema, akitazama chini. "Nenda, wifi. Kabla sijapata akili."

Bwana Saa alimrukia, lakini Baba Pacha, aliyekuwa akiwafuata kwa sauti zao, alijikuta katikati yake na geti, mkono umenyooshwa, kama kwa bahati mbaya. Mzee asiyeona hasukumwi hovyo mbele ya watu sitini.

Shoto alipita. Miaka minne alikuwa hajavuka mstari ule saa za kazi. Upande wa pili palikuwa na vumbi na gari lenye injini inayowaka, na mkaguzi akimfungulia mlango.

Alipokuwa anaingia, aligeuka. Geti lilikuwa limerudishwa na kufungwa, Wifi akiwa ndani. Kwenye nafasi kati ya nondo alimwona Bwana Saa ameshika simu sikioni, na mkono mwingine umemshika Wifi kifundo cha mkono. Alikuwa anamtazama Shoto moja kwa moja, akisema kwa sauti ya kutaka asikike.

"Ndiyo, uhamiaji? Nina mtoro mmoja hapa, na mwingine yuko njiani. Amevaa ovaroli ya bluu, gari jeupe la serikali. Hapana, msilifuate. Nendeni hospitali ya wazazi, msimame mlangoni, mmkamate kabla hajaingia."